Uliza Tukujibu: Barua pepe za zamani za ofisi na namna ya kuzitunzia nakala

Maswali ya safari hii yametoka Mtwara na Lindi, na karibu yote yanagusa jambo moja: barua pepe za wafanyakazi zilizokwisha kuwekwa kando kama kumbukumbu, na namna ya kuzitunzia nakala rudufu kwenye mtandao wa ofisi. La kwanza tumelijibu kwa kirefu kwa sababu kosa lililomo tunaliona linarudiwa ofisi baada ya ofisi.

SWALI: Salaam wataalamu. Niko utawala katika ofisi moja Mtwara mjini. Tupo 12, kila mtu na kompyuta yake yenye programu ya barua pepe ya Outlook, na barua zinashushwa kwa POP, yaani zinatoka kwa mtoa huduma na kukaa kwenye kompyuta. Za miaka ya nyuma tumeziweka kwenye mafaili ya PST, yale ya Outlook ya kutunzia barua. Mwaka jana tuliyahamishia yote kwenye seva ili yawe salama, kila mmoja anafungua lake kupitia mtandao wa ofisi. Tangu hapo Outlook inaganda, na mafaili mawili yamegoma kabisa kufunguka. Moja ni la uhasibu, lina barua za malipo ya msimu wa korosho. Seva tunaitunzia nakala kila usiku, lakini hata hiyo nakala haifunguki. Tufanyeje? *Afisa utawala, Mtwara*

JIBU: Anzeni na hayo mawili yaliyogoma. Kila mtu afunge Outlook, kisha nakilini mafaili hayo kutoka kwenye seva hadi kompyuta moja yenye nafasi. Kama faili lina GB 8, pawe na GB 20 zilizo wazi. Faili asili liacheni lilipo. Matengenezo yafanyike kwenye nakala tu. Programu ya kutengenezea inakuja na Outlook yenyewe, inaitwa SCANPST.EXE. Kwenye matoleo mengi ya sasa iko C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16; msipoiona hapo, tazameni ile Program Files yenye alama ya x86. Ichagulieni faili, ianze kukagua, na ikikuta makosa iruhusuni itengeneze huku mkiacha tiki ya kutunza faili la .bak. Mzunguko mmoja mara nyingi hautoshi. Rudieni mpaka iseme hakuna kosa. Kazi inaweza kuchukua saa nzima au zaidi, kwa hiyo kompyuta hiyo iwe kwenye UPS, ile betri ya akiba ya umeme. Barua zilizopoteza folda zake mtazikuta ndani ya folda iitwayo Lost and Found.

Sasa, kwa nini yaliharibika? Outlook haifungui PST kama mtu afunguavyo barua ya Word, akaisoma na kuihifadhi mwishoni. Inasoma na kuandika vipande vidogo vidogo muda wote faili likiwa wazi, hata kama hamna barua mpya. Faili likiwa kwenye diski ya kompyuta, kila kipande kinafika papo hapo. Likiwa kwenye seva, kila kipande kinapita kwenye waya, swichi (kile kisanduku kinachounganisha waya za mtandao), kadi ya mtandao, kisha jibu lirudi. Hapo ndipo Outlook inapoganda. Na mawasiliano yakikatika nusu sekunde tu katikati ya kuandika, orodha ya ndani ya faili inasema barua ipo mahali ambapo haipo. Microsoft wenyewe wanaonya dhidi ya kutumia PST kupitia mtandao. Chunguzeni pia swichi yenu: kompyuta huwekewa UPS, seva huwekewa UPS, halafu swichi inachomekwa ukutani moja kwa moja. Umeme ukikatika, kompyuta zote zinabaki zinawaka huku njia ya kwenda kwenye PST imekufa. Kama mtabaki na kitu kimoja cha kufanya leo, ichomekeni swichi kwenye UPS.

Nakala zenu za usiku hazikufaa kwa sababu kila moja iliandikwa juu ya ile ya jana yake. Faili lilipoharibika, usiku huohuo nakala mbovu ikaifuta nzima.

Mpango ni huu. PST zirudi kwenye diski za kompyuta za wenyewe, na seva ibaki kuwa mahali pa kupokea nakala tu. Kwenye kila kompyuta tengenezeni folda C:\Jalada. Kila mfanyakazi awe na faili la mwaka huu na faili moja kwa kila mwaka uliopita: Barua-2023.pst, Barua-2024.pst, hivyo hivyo. Faili jipya linatengenezwa kwenye Outlook kwa New Items, More Items, Outlook Data File. Hamisheni barua kwa mafungu ya mia chache chache. Ukibeba elfu kumi kwa mpigo Outlook ikikwama hujui zipi zimehama na zipi bado. Mkimaliza mwaka, bonyezeni jina la faili upande wa kushoto kwa kitufe cha kulia cha kipanya na mlifunge litoke kwenye Outlook. Siku likihitajika linafunguliwa, likishatumika linafungwa tena.

Kulifunga si suala la usafi tu. PST iliyo wazi inabadilishwa tarehe yake kila Outlook inapowashwa, hata kama hujasoma barua hata moja, na programu ya kunakili ikiona tarehe imebadilika inabeba faili zima upya. Lililofungwa linabaki na tarehe yake ya zamani, hivyo linanakiliwa mara moja na basi. Chukulieni kila mtu ana GB 6, ambazo GB 2 ni za mwaka huu. Bila kutenganisha miaka, mtabeba GB 72 kila mara. Kwenye mtandao wa Mbps 100, unaopitisha kama MB 11 kwa sekunde, hizo ni karibu saa 2. Mkitenganisha zinabaki GB 24, dakika 36 hivi.

Mkihamisha barua, faili la awali halipungui papo hapo. Nendeni File, Account Settings, kichupo cha Data Files, chagueni faili, Settings, kisha Compact Now.

Kunakili kufanywe na Robocopy, programu ya kunakili mafaili iliyomo tayari ndani ya Windows. Kwa kompyuta ya uhasibu amri ni mstari mmoja:

robocopy C:\Jalada \\SEVA\nakala\uhasibu1\jumatatu *.pst /Z /R:2 /W:10 /LOG+:C:\Jalada\ripoti.txt

Hiyo /Z inaruhusu kazi iliyokatika katikati iendelee pale ilipoishia, na kwa umeme wa kukatikakatika hilo ni jambo kubwa. /R:2 na /W:10 ni kujaribu mara mbili na kusubiri sekunde 10. Msiziache. Bila hizo Robocopy hurudia mara milioni 1 kwa kila faili, ikisubiri sekunde 30 kila mara, na faili moja tu lililofungiwa na Outlook litaisimamisha kazi yote hapo hapo. Wala msiongeze /MIR kwa sababu mtu kawaambia ni nzuri: hiyo inafanya folda ya seva ifanane kabisa na ya mfanyakazi, maana yake mtu akifuta faili kwa bahati mbaya, nakala nayo inafutwa.

Wekeni kazi tatu kwenye Task Scheduler, programu ya Windows ya kupanga kazi zijiendeshe zenyewe: ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kila moja na folda yake kwenye seva. Hivyo faili likiharibika Jumatano, la Jumatatu bado lipo zima. GB 72 mara tatu ni GB 216, na diski ya TB 1 inazipokea ikabakiza nafasi ya miaka ijayo.

Saa nzuri ni ya chakula cha mchana, kompyuta zikiwa zinawaka na watu wametoka. Hapa kuna mtego unaowanasa wengi: saa 7 mchana kwenye Task Scheduler inaandikwa 13:00. Aliyeandika 7:00 ameiambia ifanye kazi saa 1 asubuhi, ofisi ikiwa bado imefungwa na kompyuta zimezimwa. Mtego wa pili ni ile herufi ya diski ya mtandao, tuseme Z:. Kazi iliyopangwa kuendeshwa hata kama mtumiaji hajaingia haiioni Z:, kwa sababu herufi hiyo ni ya mtumiaji aliyeingia. Ndiyo maana amri yetu inataja \\SEVA moja kwa moja. Na msishtuke mkiona tokeo 0x1: kwa Robocopy 1 maana yake kuna mafaili yamenakiliwa salama. Kuanzia 8 ndipo kuna walakini.

Kabla ya kwenda kula kila mtu afunge Outlook. Ikibaki wazi, ripoti itaandika kosa 32, yaani faili linatumiwa na programu nyingine. Wakati mwingine dirisha limefungwa lakini OUTLOOK.EXE bado inaonekana kwenye Task Manager. Subirini dakika moja, isipoondoka izimeni hapo. Mtu mmoja apewe kazi ya kusoma ripoti zote 12 kila Ijumaa. Zisiposomwa, hitilafu itagundulika siku mnayohitaji barua.

Tunasisitiza jambo moja kuliko yote hayo: kila mwezi chukueni faili moja kutoka kwenye seva, linakilini kwenye kompyuta nyingine na mlifungue. Hesabuni barua kwenye folda tatu mlinganishe na asili, kisha fungueni viambatisho vya barua ya zamani kuliko zote. Ni kazi ya dakika kumi. Mngekuwa mnaifanya, lile faili la korosho lingegundulika nakala nzima ikiwa bado ipo.

SWALI: Nina PST ya GB 6 na flashi mpya ya GB 32, tupu kabisa. Nikinakili, Windows inasema faili ni kubwa mno. Kubwa vipi wakati nafasi ipo? *Msomaji, Lindi*

JIBU: Flashi yako imeumbizwa (format) kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao haupokei faili moja linalofika GB 4 hata kama nafasi ni tele. Ikiwa tupu, bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia, Format, chagua exFAT au NTFS. Ikiwa na vitu usivyotaka kuvipoteza, na Windows inaiita E:, andika kwenye dirisha la amri: convert E: /fs:ntfs. Vitu vinabaki, ila nakili vile vya thamani pembeni kwanza. Flashi itumie kusafirishia faili. Usiifanye mahali pa kutunzia nakala ya mwaka mzima.

SWALI: Habari za kazi. Tunatumia barua pepe za kulipia mtandaoni. Mwenzetu alihamishwa, akaunti yake ikafutwa wiki mbili zilizopita. Kompyuta yake ipo na nimeona ndani yake faili la OST la GB 11. Nikilinakili kwenye seva, si ndiyo nakala ya barua zake? *Fundi wa kompyuta, Masasi*

JIBU: Hapana, ndugu fundi, na tafadhali usiiunganishe hiyo kompyuta kwenye mtandao kwanza. Chomoa waya, zima Wi-Fi. OST ni kivuli cha sanduku lililoko kwa mtoa huduma, na imefungwa na akaunti ileile. Ukiipeleka kwenye kompyuta nyingine, Outlook haitaifungua. Na ikiwa sanduku la huko limetupwa au limesafishwa, Outlook ikiunganika inaweza kuifanya OST ifanane nalo.

Bado una njia mbili. Ya kwanza na bora ni kurudisha akaunti. Kama ni Microsoft 365, mtumiaji aliyefutwa anaweza kurejeshwa ndani ya siku 30. Kama ni Google Workspace, ndani ya siku 20. Kwenu zimepita 14, kwa hiyo msimamizi wa akaunti aifanye kazi hii leo. Akishaingia, kwa Microsoft 365 toa barua zote kwenda PST: File, Open & Export, Import/Export, Export to a file, Outlook Data File, chagua sanduku zima na utie tiki ya folda zilizo ndani yake. Kabla ya hapo hakikisha mpangilio wa akaunti unashusha barua za miaka yote. Kwa kawaida Outlook hushusha za miezi 12 au pungufu, za nyuma zinabaki mtandaoni, na PST utakayoitoa itakuwa na pengo bila kukuambia.

Njia ya pili, siku zikiwa zimepita: kwenye kompyuta ileile, ikiwa haina mtandao, ingia kwa jina lake la Windows, fungua Outlook ya kawaida, na utoe PST kwa hatua hizohizo. Inafanikiwa ikiwa wasifu wake wa Outlook haujaguswa. Kwa hiyo usifute wasifu, usisajili barua pepe ya mtu mpya juu yake. Siku zijazo, barua zitolewe kwanza, zifunguliwe na kukaguliwa, ndipo akaunti ifutwe.

SWALI: Ofisi yetu ndogo ipo Kilwa Masoko, kompyuta 6. Nakala zote zinakaa kwenye diski ya nje iliyochomekwa nyuma ya seva. Bosi anataka nakala nyingine iwe nje ya ofisi. Tupandishe intaneti au tutume diski kwa basi? *Mhasibu, Kilwa*

JIBU: Pigeni hesabu kwanza kwa kasi ya kupandisha, si ya kushusha, pimeni, maana mara nyingi ni ndogo. Mkiwa na mafaili yaliyofungwa ya GB 90 na kasi ya kupandisha ya Mbps 4, ni saa 50 mfululizo bila kukatika. Nakala ya mafaili yanayobadilika, GB 2 kwa kila kompyuta, ni saa 6 na dakika 40 kila safari. Kuyabana kwa ZIP hakusaidii sana, kwa kuwa viambatisho vingi vimeshabanwa. Kwa hiyo rundo la zamani liende kwa diski, mara moja. Haya ya mwaka huu yapandishwe wikiendi, au nayo yaende kwa diski kila wiki mbili.

Sisi tungeshika zote mbili. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikatika hukohuko wilayani kwenu, na mwezi huohuo, tarehe 12, hitilafu za nyaya za chini ya bahari zilidhoofisha intaneti nchi nzima.

Nunueni diski mbili za TB 1, ziandikeni A na B. Moja ikiwa ofisini, nyingine iko kwenye tawi au ofisi dada, kisha zinabadilishana. Na hiyo ya ofisini ichomekwe wakati wa kunakili tu, halafu itolewe na kufungiwa kabatini. Virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia haviishii kwenye kompyuta viliyoingilia. Vinafunga kila diski vinayoifikia, na iliyochomekwa muda wote ni miongoni mwao. Kwa sababu hiyohiyo, kila kompyuta ipewe haki ya kuandika kwenye folda yake tu ya seva.

Diski inayopanda basi ifungwe kwa BitLocker, iliyomo kwenye Windows Pro. Itakupa ufunguo wa dharura wa tarakimu 48. Uchapisheni na muuweke kwenye kasiki, usisafiri na diski. Barua za wafanyakazi zina mishahara, vyeti vya hospitali, namba za NIDA. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayezishika azilinde, na diski iliyosahaulika stendi bila nywila ni taarifa za watu zilizoachwa wazi.

Mkiwa karibu na bahari, zitieni kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu au mikoba. Hewa ya chumvi huanza na meno ya USB: yakigeuka ya kijani au kahawia, diski inakatika katikati ya kunakili. Kila mwezi isomeni kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo mtazame mistari mitatu, 05, C5 na C6. Thamani ghafi zikianza kupanda kutoka sifuri, nunueni nyingine bila kusubiri.

SWALI: Swichi yetu imeandikwa Gigabit na kompyuta zote ni mpya, lakini kunakili hakuzidi MB 11 kwa sekunde. Tatizo ni seva? *Msomaji, Mikindani*

JIBU: MB 11 ni alama ya Mbps 100, na mshukiwa wa kwanza ni waya. Mbps 100 inatumia nyuzi nne tu kati ya nane, Gigabit, yaani Mbps 1,000, inazihitaji zote. Chomoa kichwa cha waya, kiinue kwenye mwanga, plastiki ile angavu, klipu ikiwa upande wa chini, uhesabu kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Zote ziguse ncha ya mbele ya kichwa. Mara nyingi utakuta ya nne, ya tano, ya saba au ya nane imeishia njiani, haikufika kwenye jino la shaba. Kata, tia kichwa kipya pande zote mbili, ubane vizuri. Anzeni na waya wa seva, maana huo mmoja ndio unaopitisha nakala za kila mtu.

SWALI: Sisi barua pepe tunatumia programu ya Thunderbird, hatuna PST. Tunakili nini? *Katibu muhtasi, Nachingwea*

JIBU: Dada katibu, funga Thunderbird, bonyeza Windows na R kwa pamoja, andika %appdata%\Thunderbird, utaona folda ya Profiles na faili dogo la profiles.ini. Nakili vyote viwili. Barua zilizowekwa kando zipo humo ndani, chini ya Local Folders, kwenye folda ya Mail. Kabla ya kuifunga Thunderbird, bonyeza File, Compact Folders, kwa sababu barua zilizofutwa hubaki zikijaza nafasi mpaka ufanye hivyo. Wenye IMAP, yaani barua zinazobaki kwa mtoa huduma, wahakikishe barua za zamani zimehamishiwa Local Folders kweli, maana zilizobaki kwenye akaunti zinaweza kuwa vichwa tu vya habari, mwili wa barua haujashuka.